Kiwiko na Simbilisi wa Mama Mwenye Nyumba

"Mnyama yeyote anayekula na kunya, mimi namtibu. Asiyekula wala kunya, huyo mpelekeni kwa fundi."

Hayo aliyasema Kiwiko, daktari wa mifugo, kwenye kipaza sauti, siku ya kuagwa kazini, mbele ya mkubwa wa idara na mashemeji zake wote. Watu walipiga makofi, na walikuwa na haki. Miaka yote ya utumishi mkono wake wa kulia uliingia ndani ya ng'ombe hadi kwenye kiwiko na kutoka na ndama. Jina la Kiwiko alilipata huko, hakulinunua.

Alipostaafu alihamia mjini, akapanga chumba kati ya kinyozi na fundi cherehani, akaweka meza ya bati na kutundika kibao. Ng'ombe hawapandi ngazi. Waliokuja ni paka wa kuhasiwa na kuku mmoja mwenye mafua. Kisha akaja mama mwenye nyumba na kikapu.

Ndani yake alilala simbilisi, yule jamaa wa ukoo wa panya, mnene kama mkate mdogo, asiye na mkia. Magoti yalikuwa yamevimba, miguu ya nyuma inaburuzika, na akiguswa alilia kama mlango usiotiwa mafuta.

"Ameanguka," alisema mama. "Huyu ndiye anayenipokea nikirudi nyumbani, Daktari. Wanangu hata simu hawapigi. Akifa, na wewe tafuta chumba kingine."

"Mama, usinitishe. Kodi nimelipa."

"Kodi huisha."

Kiwiko alimpapasa mgonjwa kwa vidole viwili, maana mkono mzima haukuwa na pa kuingia. Nyonga imevunjika, aliwaza. Ng'ombe wa namna hiyo huitiwa mchinjaji. Mdogo kama huyu hupigwa sindano ya kulala moja kwa moja. Akaanza kuivuta dawa. Ila alikuwa na tabia ya mnada wa ng'ombe: hammalizi mnyama kabla ya kumfunua mdomo asome umri kwenye meno, hata kama umri wenyewe umeshakosa maana. Akamfunua. Fizi zilikuwa zimevimba na zinavuja damu.

Nyonga iliyovunjika haitoi damu kwenye fizi. Akaiweka sindano chini.

"Anakula nini huyu?"

"Pumba za kuku na mkate. Anaupenda mkate kuliko anavyonipenda mimi."

"Majani?"

"Majani yanachafua sakafu."

Ndipo likamrudia somo la chuoni ambalo darasa zima lililicheka, yeye kuliko wote: ng'ombe hujitengenezea vitamini C mwilini mwake, simbilisi hawezi, kama sisi tu. Akikosa mboga fizi huvuja, viungo huvimba, miguu hukataa kazi.

"Hana mfupa uliovunjika. Ana njaa ya mboga. Mpe pilipili hoho kila siku."

Mama alimtazama kama mtu aliyeuziwa maji ya mvua. "Na sindano?"

"Hakuna sindano."

"Daktari, mimi nimekuja hospitali, sikuja gengeni. Mchome hata penisilini."

"Penisilini itamuua. Inafyeka vijidudu vinavyomsagia chakula tumboni. Mbwa sawa, huyu hapana."

Kinyozi alikuwa ameshaegemea mlango. "Daktari, na mimi fizi zinatoka damu."

"Wewe piga mswaki."

Kiwiko akamdondoshea mgonjwa matone ya vitamini C mdomoni kwa bomba lisilo na sindano, ili mama aone angalau bomba. Mama akafunika kikapu, akatoka bila kuaga. Siku zilizofuata Kiwiko alionekana mtaa wa pili akiulizia vyumba.

Wiki iliyofuata kikapu kilirudi kikitikisika. Simbilisi aliwekwa mezani, akasimama, akachechemea hadi ukingoni, akamng'ata Kiwiko kidole.

Mama hakushukuru. Alisema chumba abaki nacho, ila matibabu hayalipii, kwa kuwa dawa kanunua mwenyewe sokoni.

Hoho moja ilikuwa shilingi mia mbili.