Mkanda au Skrubu

Mkanda wenyewe wala sikuutaka. Nilitaka skrubu tangu mwanzo. Nilikuwa naunda mashine ya kuchonga mbao, ya kuongozwa na kompyuta, katika chumba cha chini nyumbani kwetu Mji Mkongwe, na suala lilikuwa moja tu: kitu gani kiburute kichwa chenye kisu kwenda na kurudi? Mkanda wa meno, au skrubu ndefu ya chuma? Basi kila aliyekaa barazani kwetu alitoa fatwa. Mkanda, haushiki kutu. Skrubu, hailegei. Mmoja akanishauri mnyororo wa baiskeli, na wala hakuwa akitania. Lahaula!

Mashine ilikuwa kwa ajili ya Baba. Yeye ni mchonga milango, na kiharusi kilimmaliza nguvu mkono wa kulia. Patasi haiwezi tena, lakini kalamu ya risasi aliishika, kwa tabu, akawa anachora maua yake kwenye karatasi. Mimi nafuatisha mistari yake kwenye kompyuta, mashine inachonga.

"Usinirekebishie," alinionya. "Fuata nlivyochora."

Haya.

Skrubu niliiagiza kwa fundi wa kukereza vyuma, njia ya Mbweni. Njoo kesho. Nikienda kesho, njoo Jumatatu. Jumatatu kaenda mazikoni. Wallahi alinichosha mtu yule, mpaka nikafunga mkanda, angalau Baba aache kukaa kitandani akitazama ukuta.

Ua la kwanza likatoka na kingo zinazotetemeka. Baba akapitisha kidole.

"Ndo nlivyochora hivi?"

"Si wewe, Baba, mkanda huo! Unavutika, unarudi, unavutika!"

"Mkono wangu huu."

"Mkanda!"

Nilimpigia kelele baba yangu mzazi, nikaona haya papo hapo. Yeye akaikunja karatasi, akaiweka juu ya kabati. Kalamu hakuishika tena wiki ile, wala iliyofuata.

Hapo nikamwendea fundi, nikakaa juu ya benchi lake la kazi, nikamwambia siondoki.

"Bibie, mbona hasira?" akaniuliza.

"Kereza."

Akakereza, huku ananung'unika. Nikarudi nyumbani na skrubu yangu, nikaipaka mafuta, nikaifunga. Nikasukuma kichwa kwa mkono, hakikucheza hata unywele. Nikakijaribu kwa mstari wa rula, ukatoka umenyooka sawasawa. Furaha niliyokuwa nayo! Nikapanda juu kwa Baba, nikamshika mkono, tukashuka.

Tukaliweka ua lile lile kwenye ubao mpya wa mfenesi. Mashine ikanguruma hadi ikamaliza. Nikapuliza vumbi.

Kingo zilikuwa zinatetemeka. Tena wazi kuliko mwanzo, maana mkanda, kumbe, ulikuwa ukizififisha. Kwenye karatasi, kwa risasi ile nene, sikuwa nimeuona mtetemo wake. Sasa wote ulikuwa pale, umechongwa safi kabisa. Roho iliniuma, nikakosa pa kutazama.

"Mkanda ushautoa?" akauliza.

"Nshautoa, Baba."

"Na skrubu imekaza?"

"Fundi kaikereza vibaya," nikasema. "Mvivu yule. Kesho nnamrudishia mwenyewe."

Baba aliupapasa ubao, akanitazama, akatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaomtii.

"Maskini fundi wa watu," akasema.