Walipomsifu kwa Kukonda

Yoga nilifundishwa na mama mmoja wa Kihindi, mke wa mhandisi wa kiwanda, aliyekuwa jirani yangu Visiga. Alikuwa mwembamba kama ufito, akijikunja magoti yanafika masikioni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado kijana, na nilimfuata kwa sababu ya mgongo ulionisumbua. Mumewe alipohamishwa aliniachia mkeka wake na wanafunzi wake wachache, wake za watumishi wa serikali. Tukawa tunakutana Jumamosi asubuhi darasani kwangu, madawati tumeyasukuma ukutani.

Siku moja akaja fundi cherehani wa Maili Moja, mama wa makamo, mnene kweli kweli.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Sikuja kukonda mimi," akasema kabla hajakaa. "Nimekuja nipate kuinuka chini bila kuinuliwa."

Alikuwa ametoka msibani kwa wakwe zake, Kisarawe. Alikaa mkekani na wanawake wenzake, na wakati wa kuondoka kuinuka kukamshinda. Shemeji zake wawili wakamshika kwapani mbele za watu, na mmoja wao akaguna kama mtu anayebeba gunia la mahindi.

Niliyofundishwa hayakumfaa. Nilikuwa nimeambiwa mtu ainame mpaka paji la uso liguse goti. Yeye alipoinama tumbo lilitangulia, pumzi ikamkata. Ikabidi nianze upya. Nikamwambia atanue miguu, alishike tumbo kwa mikono na kulipa nafasi katikati ya mapaja, ndipo ainame. Pumzi ikapita. Mkono usipofika kwenye unyayo, nilimpa kanga aizungushe mguuni na kuivuta. Kulala chali kulimkaba, kwa hiyo alilala ubavu, kanga nyingine ikiwa imekunjwa katikati ya magoti. Kuinuka tulianza kwa kushika dawati, kisha benchi fupi, kisha goti lake mwenyewe: geuka upande, weka viganja, leta mguu mmoja mbele, toa pumzi, simama.

Mvua za vuli zilianza na kuisha tukiwa tunafanya hivyo. Asubuhi aliyoinuka peke yake, alikaa tena, akainuka tena, akakaa, akainuka, mpaka wenzake wakaanza kucheka na yeye akacheka nao.

Ilipopita Pasaka nikaona mashavu yake yameshuka. Sikulitilia maanani. Kisha nikaona mikono. Kanga aliyokuwa akiifunga ikaishia ubavuni sasa ilimzunguka na kubaki. Alikuja na gauni alilolipunguza mwenyewe, na baada ya wiki chache alilipunguza tena, akituonyesha mishono miwili pembeni kwa majivuno ya fundi.

"Mwalimu ana mkono," wanawake wakasema.

Habari zikafika Sofu na kwingineko. Darasa likajaa wageni waliotaka kukonda kama fundi. Niliwaambia mazoezi yangu si ya kukondesha, ni ya kumsaidia mtu aishi vizuri na mwili alio nao. Walinitazama kama mchuuzi anayeficha bidhaa chini ya meza. Na mimi nilijua nilichokuwa nafundisha: kukaa, kunyoosha, kupumua. Hakukuwa na kitu pale cha kumla mtu nyama namna ile. Nilipomshika mgongo kumsaidia kugeuka, ngozi ilinifuata mkononi kama shuka.

Halafu yakaja maji. Alianza kubeba jagi. Alikunywa kabla ya kuanza, akanywa katikati, akatoka nje kujisaidia, akarudi akanywa. Jumamosi moja nilimwona ameinua mguu, na pini ya kushonea imezama kwenye kidole chake. Nikaichomoa. Alikuwa akiniangalia tu.

"Hukuisikia, mama?"

"Miguu yangu siku hizi imelala," akasema. "Hata pedali ya cherehani sijui kama nimeikanyaga mpaka niitazame."

Yule mama wa Kihindi aliwahi kunisimulia ugonjwa wa baba yake: kiu isiyokatika, kukonda, na sisimizi waliokuwa wakijaa pale anapokojoa. Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwa fundi nikaomba kwenda uani. Kwenye saruji iliyopasuka mstari mweusi ulikuwa unatembea kutoka ukutani mpaka shimoni, mnene, hauna haraka. Nilisimama pale nikiwa nimeshika kopo la maji, nikashindwa kulimwaga.

Nilimweleza. Nikamwomba twende hospitali akapimwe sukari.

"Sukari?" Akacheka kidogo. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni; nyumba nyingi zilikunywa chai kavu. "Duka zima halina sukari, nitaipata wapi mimi ya kuniuguza?"

"Mama, unaisha."

Uso wake ukabadilika. "Mwanangu, tangu usichana wangu nimeitwa pipa. Leo mume wangu ananisindikiza kanisani tukiwa bega kwa bega. Usiniharibie."

Tangu siku ile hakuja tena. Mwezi haukupita nikasikia amedondoka kwenye cherehani, na ndugu za mume wamempeleka Kisarawe kwa mganga.

Nilisafiri kumfuata, kupitia Pugu. Nyumba niliyoelekezwa madirisha yake yote yalikuwa yamefungwa ingawa jua lilikuwa juu. Wifi yake mkubwa alinipokea mlangoni, hakunikaribisha.

"Wewe ndiye mwalimu uliyemkaushia kaka yetu mke?"

"Ni mimi niliyemfundisha, mama. Naomba nimwone."

"Mganga amesema mlikuwa mnafumba macho mnaita vitu vya Kihindi. Vimemwingia, vinamnywa."

Kutoka ndani nilisikia pumzi. Nilikuwa nimemfundisha kupumua mtu huyu, naijua pumzi yake, na hii haikuwa yake. Ilikuwa ndefu, ya nguvu, ya haraka, kama anayepanda mlima naye amelala. Harufu iliyotoka mle chumbani ilikuwa ya matunda yaliyooza. Nikachungulia juu ya bega la wifi: kidole chenye jeraha la pini kilikuwa kimefungwa majani, na weusi ulikuwa umeshapita majani.

"Mama," nikamwambia wifi yake, "kama ni mimi niliyemroga, nipelekeni mnakotaka. Lakini yeye apelekwe hospitali leo."

Aliingia ndani, akamgusa mgonjwa paji la uso. Kisha akageuka, akamwita kaka yake aliyekuwa uani. "Tafuta gari," akamwambia. "Huyu hatamaliza jua hili."

Aliishi. Madaktari walimkata vidole viwili na kumwanzisha sindano ambayo mara nyingine ilipatikana na mara nyingine haikupatikana. Kichupa cha dawa alikihifadhi juu ya mtungi wa maji kwa kukosa friji. Alirudi darasani akikanyaga kwa uangalifu, nami nikamweka karibu na ukuta. Nyama ilimrudia taratibu, na kila nguo aliyoipunguza ikabidi aifumue. Kila alipokunywa maji, hata funda moja, darasa zima lilinyamaza mpaka ameweka kikombe.

Wengi wa wale wageni waliondoka. Lakini Jumamosi moja, wakati nakunja mkeka, mwanamke wa Sofu alibaki nyuma, mke wa karani mmoja. Alisubiri wenzake watoke.

"Mwalimu, ule ugonjwa wa fundi," akaniuliza kwa sauti ya chini, "mtu anaupataje?"

Nilidhani anaogopa, nikaanza kumtuliza kwamba hauambukizi.

"Hapana," akasema. "Nauliza kama mtu anaweza kuupata kidogo tu."