Nyaya Tulizoziacha Porini

Kama umekuja kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kuona mtu anatabasamu pembeni. Nimechoka na watu wa aina hiyo. Nimelisimulia jambo hili mara tatu hapa kijijini, na mara zote tatu kuna mtu aliniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Sikuwa nimekunywa kitu. Ilikuwa saa sita na nusu mchana, jua la mwezi wa nane, na tulikuwa wawili. Wengi mnadhani mambo haya yanangoja giza. Niamini mimi, hayangoji.

Kwetu ni Busawe. Mwita ni mtoto wa baba yangu mdogo, nimemzidi miaka mitatu, na tulikuwa tunatega wanyama pamoja tangu tuote ndevu. Najua ni kosa, usinifundishe. Askari wa wanyamapori walishanifundisha kwa fimbo, na sheria naijua kuliko wewe. Lakini wachimbaji wa dhahabu kule Nyamongo walitaka nyama, na sisi tulikuwa na nyaya kumi na nne.

Watu wa mjini wakisikia kuwinda wanadhani ni kumwona mnyama na kumpiga, basi. Nchi ya joto haiwindwi hivyo. Ngoja nikuambie utakachokutana nacho. Alfajiri wanyama wanatembea, jioni wanatembea, lakini saa sita hata swala huwaoni, wote wamelala kivulini na wewe peke yako ndiye mjinga unayepigwa na jua. Mbung'o watakuuma juu ya shati. Maji utayabeba mwenyewe, maana mto uliouona mwezi wa nne, mwezi wa nane ni mchanga. Na ukipata mnyama, usikae chini hata kidogo. Pasua tumbo, toa matumbo yote, kata nyama nyembamba, tundika juu ya moshi kabla jua halijapanda. Ukisema upumzike kwanza, nzi wanakuwahi, na mchana nyama imebadilika rangi.

Ndiyo maana babu yetu alikuwa na sharti moja. Waya ukilala usiku, asubuhi uufikie. Kama huwezi kwenda, nenda jioni ileile ukautegue. Mambo mengine Babu alikuwa mpole, hata ng'ombe wakila shamba hakupiga mtoto. Lakini mtu aliyemwacha mnyama aoze kwenye waya alimnyima salamu mpaka anakufa. Sisi wote tulilijua hilo. Mimi nililijua kuliko Mwita, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimbebea Babu panga.

Sasa mwaka ule dhahabu ilikuwa imewatia watu wazimu. Walimu waliacha chaki, wavuvi waliacha nyavu, kila mtu alikuwa Nyamongo na kiroba cha mawe mgongoni. Jioni moja, nyaya zetu zote zikiwa zimeshategwa, akaja mtu wa bodaboda na salamu kutoka kwa shemeji yangu: duara lao, shimo lao la dhahabu, limegonga mwamba mzuri, wanataka watu wa kubeba, tuondoke naye sasa hivi. Mwita alishasimama na panga lake.

"Kaka, twende kwanza tutegue zile nyaya," aliniambia. "Ni mwendo wa saa mbili tu."

"Ziache," nikasema. "Tutarudi kesho."

Mimi ndiye niliyesema kesho. Lishike hilo, maana ndilo jambo lenyewe.

Tulikaa Nyamongo siku sita. Kila jioni, tukiwa tumejaa vumbi la mawe mpaka kwenye kope, Mwita aliniuliza, "Kaka, na nyaya?" Nami nikamjibu kesho. Siku ya pili alikuwa bado anauliza kwa adabu. Siku ya tano alinuna, akala ugali wake akiwa amenipa mgongo. Lakini kwetu mdogo habishani na mkubwa wake mbele ya watu, na pale duarani watu hawakosi. Siku ya sita duara likajaa maji, shemeji akaanza kugombana na wenzake, na mwamba mzuri ukawa hadithi. Ndipo nikakumbuka kwamba nina nyaya. Mpaka leo nikiifikiria akili yangu ya siku zile natamani nijipige kofi.

Tulifika Busawe asubuhi, nikajaza maji dumu la lita tano, tukaingia porini. Waya wa kwanza, mtupu. Wa pili, manyoya na mifupa, fisi wamemaliza. Wa tano ulikuwa na swala, na sitakuelezea alivyokuwa. Harufu ilitutangulia kila tulipokwenda. Mwita alikuwa akitegua waya, anasogea kwenye waya unaofuata, macho hayanitazami kabisa.

Kwenye waya wa tisa, chini ya mgunga, alikuwa amekaa mzee.

Alikuwa amevaa koti zito la kahawia katika joto lile ambalo sisi vifua vilikuwa wazi. Uso mrefu, ndevu za kijivu zimeteremka mpaka kifuani, na kitambaa kichafu amejifunga shingoni. Nzi walikuwa wamemjaa machoni, puani, midomoni. Hakuwafukuza. Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri ni mchungaji aliyepotea, au mchimbaji aliyechanganyikiwa, maana siku zile walikuwa wengi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

Hakuitikia. Alisema, "Maji."

Porini kwetu mtu akiomba maji humuulizi hata jina, unampa kwanza, maswali baadaye. Nikampa dumu. Akainua, akanywa. Nilidhani atakunywa kidogo aturudishie. Alikunywa lita tano zote bila kupumua, na nilikuwa karibu naye hivi, nikaona koo lake halitikisiki hata mara moja. Maji yalikuwa yanaingia tu. Akaliweka dumu chini taratibu, tupu.

Mwita akapandwa na hasira. Ni mtu wa hasira za haraka, na maji yale yalikuwa yetu sote. Tena alishaamua moyoni kwamba mzee huyu ndiye mwizi.

"Mzee, wewe ndiye unayekula mitego yetu? Umekaa hapa tangu lini?"

"Siku sita, mura, kijana wangu," akasema mzee. Sauti yake ilikuwa kavu, kama ya mtu aliyepiga kelele mpaka ikamwishia. "Siku ya kwanza nilivuta. Ya pili nikavuta. Ya tatu nikaita, hakuja mtu. Ya nne sikuweza kuita."

Akakishusha kitambaa. Shingo yake ilikuwa imekatwa kuzunguka pande zote, nyama imefunguka mpaka ndani, na nilikitambua kile kidonda. Nimekiona kwenye shingo za wanyama miaka yote. Ni waya ndio unaokata hivyo, mnyama akivuta.

Nilirudi nyuma hatua moja, nikamkanyaga Mwita.

"Nani alisema kesho?" mzee akauliza.

Sasa wewe unayecheka, niambie. Neno lile nililisema mara ya kwanza nyumbani kwetu, tukiwa mimi na Mwita na mtu wa bodaboda ambaye hata jina lake silijui. Nani alimpelekea mzee yule porini? Nilifungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema ni mimi. Ulimi ukakauka pale pale, na ninajua haukukauka kwa kiu. Niliogopa. Mimi mkubwa, niliyembebea Babu panga, niliogopa kama kuku.

Mwita akanitazama. Alinisubiri. Alipoona siongei, akapiga kifua.

"Mimi! Mimi ndiye niliyesema. Kwani unataka nini?"

Mzee hakumtazama Mwita. Alinitazama mimi, muda mrefu, muda wa kutosha kabisa kwa mtu kusema neno moja. Sikulisema.

"Haya," akasema.

Mbung'o akaniuma juu ya jicho, nikajipiga, nikafumba na kufumbua. Hapakuwa na mzee. Pale alipokuwa amekaa alilala nyumbu aliyekufa siku nyingi, tumbo limepasuka, waya wetu umezama shingoni. Ameoza, anatoa funza. Lakini pua yake ilikuwa mbichi na ndevu zake zinadondosha maji. Udongo chini ya kinywa chake ulikuwa tope, na mvua kwetu ilikuwa na miezi haijanyesha. Niliinama nikalishika tope lile kwa mkono huu.

Nilimwambia Mwita tukimbie. Unajua alifanya nini? Aliuchomoa waya kwenye ule uozo, akaufuta kwa majani, akauviringa, akauvaa shingoni. Ndivyo sisi sote tunavyobeba nyaya tukitoka porini, ili mikono ibaki huru. Nikamwambia, "Mwita, uache huo."

"Waya ni waya," akasema. "Na wewe leo usiniambie kitu."

Hayo ndiyo maneno makali pekee aliyowahi kuniambia, na nilistahili zaidi ya hayo. Tukarudi Busawe bila tone la maji, midomo imepasuka, yeye mbele, mimi nyuma.

Alifika nyumbani akanywa ndoo nzima. Waya tuliuvua usiku huohuo, nikaufukia mbali. Asubuhi alitoka kwenda chooni, akapita kwenye mwarobaini ulio nyuma ya jiko la mama yake, akapiga hatua sita mbele, na shingo ikamrudisha. Nilikuwepo. Hakujikwaa. Alirudishwa nyuma kama ng'ombe aliyefika mwisho wa kamba, akaanguka chali, na alipoinuka kulikuwa na mstari mwekundu kuzunguka shingo yake yote.

Tulijaribu kumtoa pale kwa nguvu, wanaume wanne. Kwenye hatua ya saba macho yalimtoka na povu likajaa mdomoni, mama yake akatupigia kelele tumwachie, tukamwachia. Muuguzi alikuja, akasema apelekwe hospitali Mugumu. Apelekweje? Mchungaji aliomba siku tatu. Mganga alichinja mbuzi, akala mbuzi, akaondoka. Mwishowe mke wake, Bhoke, akajenga kibanda kuuzunguka mti ule, na humo ndimo mume wake anamoishi. Ardhi pale imekanyagwa duara, majani hayaoti. Ukitaka kuhakikisha, njoo uone, halafu ukawaambie wale walioniuliza nilikuwa nimekunywa nini.

Kila siku jua likifika kichwani, kama hajapewa maji, anaanza kuvuta. Siwezi kukuelezea sauti yake. Anavuta mpaka mstari unafunguka na kutoa damu. Na maji hayo hapokei kwa mkewe, wala kwa mama yake aliyemzaa. Wamejaribu, anageuza uso. Anapokea kwangu, kwenye dumu la lita tano. Kwa hiyo mimi siendi Nyamongo tena, siendi msibani Tarime, sijalala nje ya Busawe tangu wakati ule. Dhahabu waliipata wengine, nasikia.

Nilirudi kwenye ule mgunga. Peke yangu, saa sita ileile. Nikapiga kelele mpaka nikakauka: ni mimi niliyesema kesho, ni mimi, mfungue mtoto wa watu! Hakuna aliyejitokeza. Swali niliulizwa mara moja tu. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba Mwita hajamwambia mtu yeyote, hata mke wake. Nimemwambia Bhoke mwenyewe, na siku hiyo alinitazama akaendelea kupepeta mtama.

Vijana wanaotega sasa nawaona. Wanatega jioni, simu ikilia wanakimbilia duara jipya, nyaya zinabaki. Nikiwasema wananiita mzee wa dumu. Sikilizeni nyie wapumbavu: kama hamwezi kuacha kutega, msiondoke kabla ya kutegua. Tembea hizo saa mbili, hata kama dhahabu inamwagwa barabarani. Na ukiulizwa ni nani, mkubwa asimwache mdogo ajibu.

Mimi sasa naondoka, jua linapanda na dumu langu halijajaa. Nitampa maji, atakunywa, atajifuta mdomo, halafu ataniuliza lile analoniuliza kila siku nikisimama kuondoka: "Kaka, utakuja tena lini?"

Nami huinua vidole vyangu kumwonyesha jua, pale litakapokuwa. Neno lenyewe siwezi tena kulitamka mbele yake.