Kadi ya Mwamini
Mimi ni mshonaji wa Kabambare, na kabla ya mwezi uliopita sikuwa nimewahi kuvuka mpaka. Tulitoka Kalemie kwa boti kwenda Kigoma kununua vitenge, mimi na rafiki zangu Zaina na Esperansi. Kadi yangu ya chanjo, inayodaiwa mpakani, ilikuwa imepotea, basi nikabeba ya mdogo wangu Mwamini.

Bandarini Kigoma afisa aliitazama kadi haraka, akanirudishia, nikapita. Sikuamini. Nilikuwa sijafika mbali nikasikia, "Mama! Wewe wa kilemba cha njano, simama!"

Nikaganda. Zaina akaninong'oneza, "Usiseme kitu."

Yule afisa akafika akihema. "Mama, hii ni yako?"

Sikuthubutu kumwangalia. "Baba, unisamehe! Haiko yangu, iko ya mudogo yangu Mwamini. Yangu ilipotea. Usinifunge, niko na watoto!"

Foleni nzima ikageuka. Nilipoinua macho, nikaona ameshika kandambili yangu moja. Kwa woga nilikuwa nimetembea mguu mmoja mtupu bila kujua.

Akaiweka taratibu mbele yangu. "Vaa kwanza, mama," akasema. "Halafu nipe hiyo kadi ya Mwamini."