Kidole cha Doto

Nilipokuwa mtoto wa kuogeshwa beseni moja na pacha wangu Doto, gari la watu wa afya lilikuja kijijini kwetu, si mbali na Segese, kila mwaka baada ya kuvuna pamba. Walikuja kwa sababu ya zebaki. Baba, kama wachimbaji wengine, aliichanganya na mchanga wa dhahabu, kisha akaichoma kwenye jiko lake la mkaa, humohumo ndani tulimopikia. Doto alipenda kumpulizia moto.

Watu wale walitoboa kidole, wakakinga damu, wakakata nywele chache za kisogoni. Walitupa kipande cha sabuni, wakaondoka. Walichokiona hawakukisema, na mwaka uliofuata walirudi tena.

Bibi, mama yake Baba, hakuwaamini hata kidogo. "Mumiani siku hizi wana gari," alisema, akiwafananisha na wanyonya damu wa hadithi zake. Kwake nywele za mtu ni mtu mwenyewe. Zetu zikikatika wakati wa kuchana, tulizifukia nyuma ya nyumba. Na mapacha ndio zaidi: mgeni akishika vya wote wawili, ameishika nyumba nzima. Basi akaamua mmoja tu aende. Doto alifichwa nyuma ya kihenge cha mtama, na mimi, Kulwa, nikapita mara mbili: kwanza kwa kidole cha kulia, kisha, nikiwa nimevaa gauni la Doto, kwa cha kushoto.

Mwaka mmoja nesi alinikazia macho. "Wewe si umeshapita?"

"Yule Kulwa. Mimi Doto," nilijibu kama nilivyofundishwa.

"Mbona mnafanana hivi?"

"Ni mapacha, mwanangu," Bibi alidakia. "Ulitaka afanane na wewe?" Foleni nzima ikacheka.

Tulipofika darasa la sita, mikono ya Doto ilianza kutetemeka. Uji ulimwagika, kalamu ikamtoka. Mama akiwa shambani alihitajika mtu wa kumlisha, nikaacha shule. Bibi alichanganyikiwa. "Hawajamgusa hata unywele," alirudia kila siku. "Sasa wamempataje?"

Gari liliporudi, Mama hakumsikiliza mtu. Alitushika mikono, akatusimamisha wote wawili mbele ya daktari, akamweleza kila kitu. Daktari alitutazama kwa zamu.

"Kwa hiyo damu yote ile ni ya Kulwa peke yake?"

"Ndiyo. Mliona nini?"

"Zebaki. Ipo tangu wakiwa wadogo. Tulitaka kuona inavyoendelea."

"Kwa wote wawili?"

"Tulidhani ni wote wawili, Mama Kulwa."

"Na mkanyamaza."

"Kazi hii inachukua miaka, mama."

Bibi aliketi palepale chini, vumbini. "Kumbe nimemficha mmoja," alisema, "nikawapa mwingine mara mbili."

Jioni hiyo Mama alilitoa jiko la Baba nje, akamwambia akachomee dhahabu yake porini. Baba alilibeba, akaenda.

Sasa nina miaka kumi na saba, na Bibi hayupo. Nimemfikiria sana. Alikosea kuhusu mumiani, na kihenge hakikumkinga Doto na kitu chochote, kwa maana sumu haikuletwa na gari. Ilikuwa jikoni kwetu, tukiivuta pamoja na harufu ya ugali. Lakini mtu anayechukua kitu cha mwili wako mwaka hadi mwaka bila kukwambia neno, huyo Bibi alikuwa na haki ya kumtilia shaka. Mimi pia namtilia.

Gari bado linakuja. Sindano ikitolewa, naficha mikono yote miwili mgongoni. "Mwaka jana mliona nini kwangu? Na kwa Doto?" Wananuna, wengine wananiita mjuaji. Nasubiri. Wakishajibu, natoa kidole changu. Cha Doto anakitoa mwenyewe. Mimi namshikia tu mkono, utulie.