Kaburi la Picha

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuchimba kaburi la mtu aliyekuwa hai. Nalisema mapema ili msomaji asije akanihurumia bure.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Niliishi Burumba, mtaa wa mji wa Busia, nikiwaandikia watu barua kwenye baraza ya duka la vitambaa. Shule niliiacha katikati. Yaliyobaki nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa nyama na kwa kamusi iliyokosa kurasa za mwisho. Katika kujisomea huko nilishika imani moja na sikuiachia: serikali isinyonge watu. Wakoloni walikuwa wameondoka, kitanzi wakakiacha, na sisi tukakichukua kama tulivyochukua ofisi zao na meza zao.

Chama sikuwa nacho. Nilikuwa na kalamu na hofu ya kukosea. Barua kwa mhariri niliweza kuinakili yote upya kwa sababu ya mkato mmoja uliokaa vibaya. Gazeti la Nairobi lilifika Malaba kwa gari moshi, likiwa la jana, nami nilikwenda stesheni kulifungua nikiwa bado nimesimama. Barua yangu haikuwamo hata mara moja. Njiani kurudi Busia nilikuwa nikiisema moyoni, neno kwa neno, nikitafuta sentensi iliyoniangusha.

Mtu aliyelipelekea gazeti hilo habari za upande wetu alikuwa karani wa bohari ya pamba hapo Malaba. Siku moja nilijikaza nikamsomea barua yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akipangusa nyuzi za pamba kwenye suruali.

"Boss, haya ni mahubiri," alisema. "Nani ananyongwa?"

"Watu wengi."

"Watu wengi hawaenei kwenye picha. Niletee mmoja."

Huyo mmoja nilikuwa namjua, na hapa ndipo panaponiuma. Mama mmoja wa karibu na Khunyangu, mjane, alikuwa akija kwangu kuandikiwa barua za kumpelekea mwanawe gerezani Nairobi. Kijana huyo alikuwa amempiga mwenzake rungu walipokuwa wakinywa pombe, mwenzake akafa. Mahakama ilimhukumu kunyongwa, na rufani yake ilikataliwa. Lililobaki lilikuwa ombi la msamaha kwa Rais, na ombi lenyewe nililiandika mimi. Niliona kwamba jina la kijana likisomwa nchini kabla ombi halijaamuliwa, huenda mkono wa kutia sahihi ukasita. Hilo lilikuwa kweli. Lakini pia niliona kwamba hatimaye kampeni yangu imepata uso. Hata hilo lilikuwa kweli, na nililificha.

Mama alikubali yule karani wa Malaba, mwandishi wa gazeti, aje. Nilichokuwa nikitafuta sasa ni picha. Nilijua kwamba anayenyongwa huzikwa hukohuko gerezani, maiti haiji nyumbani. Nikawaza: kaburi tupu nyuma ya nyumba, na mama kando yake. Hakuna mhariri ambaye angeikataa picha hiyo.

Nilikulia katika nyumba za kupanga za mjini, ambako mtu akifa husafirishwa kwenda kwao. Kaburi likichimbwa sikuwa nimewahi kuona. Sikujua kwamba halichimbwi kabla ya kifo, wala haliachwi likalala wazi. Siku ya kuja mwandishi nilifika mapema. Mama alikuwa amekwenda sokoni na samaki wake. Nilichukua jembe lililoegemea ghala, nikapima kwa kamba ili pembe zinyooke, nikachimba. Nakumbuka nilirudia upande mmoja kwa sababu ulipinda kidogo.

Mama alirudi na kapu kichwani. Alisimama bila kulitua.

"Hilo ni la nani?"

"Ni la picha tu, mama."

"Nimekuuliza ni la nani."

Niliweka jembe chini. Alitua kapu polepole. "Mwanangu anakula ugali wa serikali, na wewe unampimia kamba hapa."

Shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alisikia akaja kutoka boma la pili. Alilitazama shimo, akanitazama mimi, akaamua kulizungumzia shimo kwanza. "Limeshafunguka. Halifungwi tupu. Tukate mgomba tuuzike humo, tumalize." Ndivyo ilivyokuwa desturi kwa mtu aliyepotelea mbali asionekane: shina la mgomba lilizikwa mahali pake.

"Ukizika mgomba umemzika yeye," mama alisema. "Mimi sijafiwa."

"Na ukiliacha wazi litaita mwingine."

"Basi lisiwe kaburi." Alifikiri kidogo, kisha akanigeukia. "Mwandika barua, zizi liko kule. Lete samadi. Ulichimba kwa nguvu zako, utajaza kwa nguvu zako. Tunapanda ndizi."

"Shimo refu hivi?" shemeji aliuliza.

"Zitaingia tatu. Angalau limenyooka."

Shemeji alicheka, mama hakucheka. Nilibeba samadi hadi shati likanata mgongoni. Tulikuwa tumefika mche wa pili mwandishi alipoingia, kamera ya kuazima ikining'inia shingoni.

"Kaburi liko wapi, boss?" alininong'oneza.

"Halipo."

"Nimetoka Malaba na kamera ya watu." Alisonya, kisha akamwona mama akiwa amepiga magoti, anashindilia udongo. Alichuchumaa mbele yake. "Mama, pole na kazi. Unapanda nini?"

"Ndizi."

"Za nani?"

"Za mwanangu."

"Si amehukumiwa kunyongwa?"

"Amehukumiwa. Hajanyongwa."

Mwandishi aliandika. Kisha akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nimelizungushia kurasa nzima bila kulitamka. "Aliua?"

"Aliua," mama alisema. "Mama wa yule kijana namkuta sokoni. Namsalimia, siku nyingine haitiki, na simlaumu. Wakimnyonga wangu tutakuwa wawili. Yeye hatapunguziwa uchungu hata kidogo."

"Na hili shimo, nani amelichimba?"

Nilisimama na kapu la samadi. Mama hakuniangalia. "Kijana mmoja mwenye haraka," alisema.

Habari ilitoka juma lililofuata. Ilikuwa fupi, chini ya picha ya mikono ya mama na mche. Maneno yake yote yalikuwamo, hata yale ya kijana mwenye haraka. Kurasa nilizomkabidhi mwandishi, zilizonakiliwa bila doa, hazikutoa hata sentensi moja. Nilisoma hapo stesheni, na kwa mara ya kwanza sikuona cha kusahihisha.

Redio iliitaja habari hiyo. Makanisani watu walisimama kuisema, wengine wakipinga: aliyeua auawe. Msikitini Busia wenye maduka walibishana juu ya haki ya ndugu wa aliyeuawa kusamehe. Barua za watu nisiowajua zikaanza kuchapishwa, za pande zote mbili, na kipande cha gazeti nilikipeleka Nairobi kikafuate ombi.

Tulingoja muda mrefu. Mama aliendelea kuja barazani kwangu kila alipopata nauli, akiniambia la kuandika, nami nikiandika hilo tu. Hatimaye chifu alimwita. Hukumu ilikuwa imebadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Mama aliuliza mara mbili kama maisha maana yake ni kuishi. Chifu akamwambia ndiyo. Akaketi chini palepale ofisini.

Mwandishi wa Malaba husema ni picha yake iliyofanya kazi hiyo. Mimi sijui ni nini kilichofanya, na hakuna aliyetuambia.

Kunyonga kungali katika sheria yetu, nami ningali naandika kupinga adhabu hiyo. Barua nyingine siku hizi huchapishwa. Kilichobadilika ni hiki: habari ya mtu haitoki mkononi mwangu kabla sijaketi naye nikamsomea yote, na akisema hapa futa, nafuta.