Ndege Wawili wa Shuka Moja

Shangazi yangu Kaltumi ana vyumba viwili Kibuli, na yeye mwenyewe anaishi katika nusu ya kimoja. Kwingine kote vinaishi vitu vya marehemu: pasi za mkaa, sahani za bati zenye waridi, chupa za chai zilizokwisha kusahau joto, na mashuka. Mashuka yaliyodariziwa kwa mkono, yamepangwa mpaka juu ya kabati. Watu wakichoka na vitu vya bibi zao humletea avifufue. Wakivikumbuka hurudi kununua, na yeye hawauzii mpaka wataje jina la bibi. Nusu yao hawalijui. Ndiyo maana hatatajirika.

Alasiri akianika, jua hupenya kwenye vitambaa na vivuli vya maua hutembea ukutani, juu ya kuku, juu ya uso wako. Unaweza kusinzia umesimama. Mimi nimewahi, na beseni kichwani.

Jumanne moja akaja mwanamke wa Ntinda, anazungusha funguo za gari kama tasbihi. Jina lake Abalo. Akatoa kwenye mfuko nusu ya shuka.

"Mama, hili ni la mama yangu. Panya wamekula bawa."

Lilikuwa na ndege mwekundu, mdomo wazi, na mbele ya mdomo ua lililokatwa katikati. Shangazi akajishusha taratibu juu ya sanduku la bati.

"Mama yako ni Akot."

"Kumbe unamjua?"

"Tulikuwa majirani, kambi ya polisi. Hajambo?"

"Hajambo, ni magoti tu. Siku hizi anakaa kwangu."

Abalo alipoondoka, shangazi akafungua sanduku alilokuwa amelikalia, akatoa nusu ya pili. Ndege wa pili, nusu ya pili ya ua.

Miaka miwili walidarizi shuka hilo, waume zao wakiwa lindoni, kila mmoja akianzia upande wake. Jioni kwa jioni ndege walisogeleana mpaka midomo ikafika kwenye ua. Kisha mume wa Akot akahamishiwa Gulu. Shuka liende au libaki? Wakarushiana maneno mpaka kambi nzima ikatoka nje kusikiliza.

"Nani alikata?" nikauliza.

"Mkasi ulikuwa wangu," akasema. Kisha akaongeza, "Na mkono."

Miaka thelathini na moja hawajasalimiana.

"Nataka aingie mlango huu kwa miguu yake," akasema, "kabla mmoja wetu hajatolewa kwa machela."

"Si umpigie? Abalo ameacha namba."

"Niseme nini? Samahani kwa mkasi?"

"Hivyo hivyo."

"Nenda ukafue."

Shangazi hashoni kitambaa cha zamani kwa uzi wa juzi. Tulijaribu maduka yote, lakini mwekundu wa siku hizi unapiga honi. Ule wa ndege ulikuwa umetulia, rangi ya chai ya rangi ukiitazama kwenye jua. Siku ya tatu akachukua sindano na kuanza kumfumua ndege wake mwenyewe. Uzi mmoja. Mwingine. Akaziloweka nyuzi zote kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, nazo zikalala humo zikielea kama zinaota.

"Kyoka, jamani shangazi! Unamnyonyoa?"

"Nyamaza, utanikosesha hesabu."

Bawa la ndege wa Akot likaota upya. Kwa nyuma, kila uzi ulipoishia, shangazi alifunga mafundo mawili. Akot alikuwa akiyachukia mafundo. Yeye huficha ncha chini ya mishono. Waligombana juu ya hilo miaka yote miwili.

"Na asipojua ni wewe?"

"Mdarizi hutazama nyuma kwanza. Mbele huwaachia wageni."

Jumamosi Abalo akaja, akatazama mbele. "Waa, kama jipya!" Kwa shangazi hilo ni tusi, lakini alilimeza, hakutuma hata salamu.

Jumapili, kimya. Jumatatu, kimya. Kila boda iliyopanda kilima, pasi ilisimama hewani. Jumanne alikipiga pasi kitambaa kile kile cha kochi mara nne.

Jumatano boda ikazima mlangoni. Akashuka mwanamke mrefu mwenye fimbo, shuka mkononi, nyuma imegeuzwa juu. Hakubisha hodi.

"Kaltumi. Bado unafunga mafundo mawili kama mtu anayefunga mbuzi."

"Kaa kwanza, Akot."

"Sikai. Huu uzi umeutoa wapi?"

Shangazi akaitoa nusu yake ya shuka. Akaitandaza kitandani. Ndege wake alikuwa amebaki kichwa na miguu. Akot akaegemea fimbo, akamwinamia. Nje mashuka yalijaa upepo, yakashuka, yakajaa tena.

"Bambi, maskini," akasema. "Umemwacha uchi."

"Ndiye aliyekuwa na mkasi."

Kicheko cha Akot kilianzia kwenye yale magoti mabovu. Akajiachia juu ya sanduku.

"Lete sindano. Na wewe binti, acha kutukodolea macho, nitolee miwani mfukoni."

Nikampa. Kivuli cha maua kilikuwa kikipita juu ya mikono yao minne, nao tayari wanabishana: mshono wa kuunganisha ua, ncha ifichwe au ifungwe fundo.